Bei ya intaneti: Serikali ikague mizani, isipange bei

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa habari za kahawa ya maganda, maharage na ndizi, na wiki nyingine neno moja au mawili juu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wiki hii tunazungumzia bidhaa isiyopimwa kwa debe wala kwa kilo, ingawa kila mfanyabiashara wa Karagwe na Kyerwa huinunua kabla hajanunua gunia la kwanza la asubuhi. Bidhaa hiyo ni MB.

Hivi karibuni, siku ya gulio, nilikuwa Nkwenda wilayani Kyerwa nikizungumza na mama mmoja mnunuzi wa maharage. Mama huyu ana mizani yake, ana kijana wa kubeba magunia, na ana simu yenye ufa kwenye kioo. Kwa simu hiyo hupata bei ya Bukoba na ya Mutukula kabla hajamtajia mkulima bei yake. Asubuhi ile alikuwa amenunua kifurushi cha siku. Ilipofika mchana mteja wake wa Mutukula akataka picha ya mzigo. Picha ikagoma kwenda, ikabidi kijana apande na simu kilimani ambako mtandao hukamata vizuri zaidi. Alipoteremka, mteja alikuwa ameshapata mzigo kwingine. Na siku iliyotangulia, akanieleza, MB zake karibu nusu zilikuwa zimekufa usiku wa manane zikiwa hazijatumika.

Mama aliniuliza swali, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kwa nini Serikali inapanga bei ya petroli kila mwezi, tena wilaya kwa wilaya, na bei ya bando imewaachia wenye kampuni?

Swali ni la haki. Wengi wanaoliuliza wanataka jibu moja tu, kwamba Serikali iweke bei kikomo ya intaneti na mambo yaishe. Mimi nasema isifanye hivyo. Lakini yule anayeamini kwamba soko huria litajirekebisha lenyewe asifurahi mapema, maana na yeye nina neno naye.

Tuanze na hiyo petroli. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kwa kila mji na kila wilaya. Ukilitazama jedwali lile utaikuta Kyerwa miongoni mwa wilaya zenye bei za juu kabisa nchini. Hapo hakuna hila wala upendeleo. Bei ile hupangwa kwa kufuata gharama, na kulifikisha lori Rubwera kutoka bandarini ni kazi nyingine kabisa kuliko kulifikisha Kibaha. Anayetaka intaneti nayo ipangiwe bei kwa mtindo wa mafuta aelewe anachokiomba. Mnara ulio juu ya kilima cha Kyerwa unataka dizeli ya jenereta umeme unapokatika, unataka fundi asafiri kwa barabara ya vumbi, na gharama zote hizo zinagawanywa kwa wateja wachache. Mnara wa Kariakoo unahudumia maelfu ya watu wasiotoka mahali pamoja. Bei ikifuata gharama, MB ya Kaisho itakuwa ghali kuliko MB ya Kariakoo, kama ilivyo lita ya petroli.

Leo, kwa kawaida, kifurushi cha Sh. 1,000/- hutangazwa kwa masharti yale yale nchi nzima. Maana yake ni kwamba mteja wa Kariakoo humchangia mteja wa Kaisho bila ya yeye mwenyewe kujua. Sisi tunaoishi pembezoni ndio watu wa mwisho kupaswa kudai daftari la hesabu hiyo lifunguliwe.

Mchango huo hata hivyo una kasoro yake. Bei ni moja, lakini bidhaa inayofika si moja. Mwenye duka Kayanga mjini hulipa Sh. 1,000/- akatuma orodha ya mzigo kwa dakika moja. Mwenye duka aliye bonde la tatu baada ya mji hulipa Sh. 1,000/- hiyo hiyo, akakaa akitazama duara likizunguka kwenye kioo. Kwenye tangazo la kampuni watu hawa wawili wamelipa sawasawa. Kwenye biashara zao mmoja amelipa mara mbili, maana amelipa fedha na amelipa na muda, na wakati mwingine amelipa na mteja.

Tofauti nyingine na petroli ni kwamba lita ni lita. Pampu ina lakiri, na lita uliyonunua Jumatatu bado ni lita Ijumaa. MB ni kitu cha ajabu zaidi. Kuna MB ya mchana na MB ya usiku, kuna MB ya WhatsApp peke yake, kuna MB inayoishi saa 24 na nyingine inayoishi siku 30. Serikali ikisema MB isizidi bei fulani, kampuni haina haja ya kuvunja sheria. Itapunguza umri wa kifurushi, au itahamishia nusu ya MB zake kwenye saa za usiku ambapo mnunuzi wa maharage amelala, na bei ya kwenye karatasi itabaki chini ya kikomo. Mkaguzi atakuja na kuondoka akiwa ameridhika.

Wenye umri wangu wanayakumbuka mambo ya namna hii. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei ikaanzishwa Tume ya Bei ya Taifa, na bidhaa nyingi za dukani, kuanzia sukari hadi sabuni, zikawa na bei ya Serikali. Bei ilikuwepo ukutani, sabuni haikuwepo rafuni. Huku kwetu mpakani dawa ya jambo hilo ilijulikana, nayo ilivuka mto Kagera usiku. Mwaka 1983 ukaja msako wa walanguzi, na mwaka uliofuata Serikali yenyewe ikaanza kulegeza kamba, ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Sisemi kwamba intaneti itaadimika kama sabuni. Ninasema kwamba kampuni iliyobanwa kwenye bei huwa na mahali pengine pa kupumulia, na mahali pa kwanza ni kutojenga mnara ule ambao hata leo hesabu yake inasuasua. Mnara huo haujengwi Kariakoo. Umepangwa kujengwa Bugomora au Mabira.

Jaribio la karibu zaidi tulilonalo ni la mwaka 2021, na inafaa tulitazame kwa makini maana watu wengi wanakumbuka kelele zake bila kukumbuka kilichokuwemo.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ilitoa kanuni ndogo za vifurushi ambazo zilianza kutumika tarehe 2 Aprili 2021, siku ya Ijumaa Kuu. Kulikuwa na mambo mazuri ndani yake. Mteja aweze kumhamishia mwenzake MB. Mteja apewe taarifa kifurushi kinapofikia asilimia 75 na kinapokwisha. Kifurushi kikitangazwa kisibadilishwe hovyo kabla ya miezi mitatu. Pamoja na hayo ulikuwepo upeo wa bei, kwamba MB moja iuzwe kati ya Sh. 2.03 na Sh. 9.35. Wananchi waliamka Ijumaa Kuu wakiwa na matumaini ya bei nafuu, wakakuta fedha ile ile inanunua MB chache kuliko za Alhamisi. Kelele zilizopigwa siku ile hazina mfano, na kabla siku haijaisha bei mpya zikasitishwa, vifurushi vikarudi vilivyokuwa.

Hebu tuichukue hesabu hiyo tuiweke mezani. Kwa bei ya chini, Sh. 1,000/- hununua MB 492. Kwa bei ya juu, hununua MB 106. Kati ya hapo na hapo pana tofauti ya zaidi ya mara nne, na kote huko kampuni iko ndani ya kanuni. Upeo mpana namna hiyo haumkingi mnunuzi mdogo hata kidogo, kwa sababu yeye ndiye atakayewekwa upande wa Sh. 9.35, na mwenye fedha za kununua kifurushi kikubwa cha mwezi atawekwa upande wa Sh. 2.03. Bei ya chini nayo, ambayo watu wengi hawakuiona, hufanya kazi moja tu. Humzuia mshindani mwenye njaa ya wateja asiteremshe bei zaidi. Ukimzuia mfanyabiashara asiuze rahisi, umemkinga nani? Hakika si mama wa Nkwenda.

Hapo ndipo penye kidonda chenyewe. Chukua kifurushi cha siku cha kampuni yoyote na kifurushi cha mwezi cha kampuni hiyo hiyo, gawanya bei kwa idadi ya MB, halafu linganisha. Utakuta mara nyingi anayenunua kidogo kidogo analipa zaidi kwa kila MB. Kila mwenye duka anajua kwamba rejareja ni ghali kuliko jumla, na hakuna ubaya. Lakini huku kwetu watu hawanunui kidogo kwa kupenda. Fedha ya kahawa huingia kwa msimu. Katikati ya msimu na msimu mtu hununua kifurushi cha siku kwa sababu hiyo ndiyo fedha iliyopo mfukoni, kama vile mkulima anavyouza kahawa yake butura ikiwa bado mtini kwa sababu ada ya shule haingoji mavuno. Serikali imeipiga vita butura kwa miaka mingi, na ni sawa. Butura ya MB haijapata wa kuisemea.

Afrika Kusini walilitazama jambo hili kwa utaratibu ambao ningependa tuuige. Tume yao ya Ushindani ilianza uchunguzi mwaka 2017, ikazitaka kampuni zitoe hesabu, ikatoa ripoti ya awali Aprili 2019 na ripoti ya mwisho Desemba mwaka huo. Ripoti ilieleza wazi kwamba wanunuzi wadogo, ambao ndio maskini, wanatozwa zaidi kwa kila MB, na kwamba kampuni mbili kubwa, Vodacom na MTN, zishushe bei au zikabiliwe na hatua. Vodacom ilikubaliana na Tume, na kuanzia tarehe 1 Aprili 2020 GB moja ya siku 30 iliteremka kutoka randi 149 hadi randi 99. Tume haikujifanya muuza duka wa kupanga bei ya kila kifurushi. Ilichunguza kwa zaidi ya miaka miwili, ikaanika hesabu hadharani, kisha ikawakalisha wakubwa mezani.

Sisi tuna Tume ya Ushindani, tuna TCRA, na tuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Vyombo havipungui. Kinachopungua ni hesabu kuanikwa. Ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, na kutoka Murongo hadi Mwanza nauli peke yake hununua vifurushi vya wiki kadhaa. Nani atasafiri kwenda kulalamikia MB 80?

Sasa, kama Serikali isipange bei ya rejareja, ifanye nini? Jibu liko sokoni, mbele ya macho ya kila mfanyabiashara. Serikali haipangi bei ya maharage Nkwenda. Lakini Wakala wa Vipimo huja na mihuri yake akakagua mizani, na lumbesa imepigwa marufuku kisheria. (Kama marufuku hiyo inafuatwa, hilo wasomaji wa viazi na vitunguu watatujibu.) Mnunuzi na muuzaji wapatane wanavyotaka, ila kilo iwe kilo na gunia liwe gunia. Kifurushi kinachokufa usiku wa manane na MB za mtu ndani yake ni lumbesa iliyogeuzwa, maana hapa anayeibiwa ni mnunuzi. TCRA iwe Wakala wa Vipimo wa MB. Kila tangazo la kifurushi lionyeshe kwa herufi zinazosomeka bei ya MB moja, umri wake na saa zake. Kilichobaki kiendelee kuishi mteja akinunua tena kabla muda haujaisha, bila masharti ya kuzungukazunguka. Na siku ambazo mtandao haupo zisihesabiwe katika umri wa kifurushi. Aliyenunua kifurushi cha wiki kabla ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu ambapo intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, anaelewa ninachosema.

Kasi nayo ni kipimo. Kama kampuni inauza kwa bei moja Kayanga na Bugomora, basi iwekwe hadharani, kata kwa kata, kasi inayopatikana kweli. Hapo mnunuzi atajua ananunua nini, na kampuni itaona aibu, au angalau mshindani wake ataona nafasi.

Mshindani. Neno hilo ndilo nililokuwa nimemwekea muumini wa soko huria. Soko huria linahitaji angalau wauzaji wawili, na katika mabonde mengi ya wilaya hizi mbili muuzaji anayesikika ni mmoja. Ukiwa chini ya mnara mmoja, huna soko, una mwenye mnara. Halotel ilipoingia nchini Oktoba 2015 ikielekea vijijini, wakubwa walilazimika kuitazama upya ramani yao. Hicho ndicho kinachoteremsha bei, wala si hotuba.

Kwa hiyo mahali pa Serikali kushika bei kwa mkono wa chuma ni nyuma ya kaunta, kule ambako kampuni zinauziana zenyewe kwa zenyewe. Huko tuna mfano mzuri wa nyumbani. Zamani kumpigia mtu wa mtandao mwingine kulikuwa ghali, na ndiyo maana watu walitembea na laini tatu mfukoni. Sababu yake ilikuwa gharama ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kupokea simu, iliyokuwa zaidi ya Sh. 100 kwa dakika. TCRA iliishusha hadi Sh. 34.92 mwezi Machi 2013, ikaendelea kuishusha mwaka hadi mwaka, ikafika Sh. 15.60 mwaka 2018, Sh. 10.40 mwaka 2019, Sh. 5.20 mwaka 2020, Sh. 2.60 mwaka 2021 na Sh. 2.00 mwaka 2022. Ngazi zote hizo zilitangazwa mapema. Hakuna mwananchi aliyeandamana wala mwekezaji aliyekimbia, na leo kifurushi cha mitandao yote ni kitu cha kawaida ambacho hata hatukishangai. Nani anakumbuka kwamba hiyo ilikuwa kazi ya Serikali?

Kwa upande wa intaneti, nyuma ya kaunta kuna vitu viwili vikubwa. Kimoja ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliojengwa kuanzia 2009 na kuendeshwa na TTCL. Mkongo huo unafika Mutukula na Rusumo, na kupitia milango hiyo jirani zetu wa Uganda na Rwanda huunganishwa na nyaya za baharini zinazotua Dar es Salaam. Bidhaa inapita Kagera kwenda kwa jirani, na nyuma ya kilima cha Kyerwa picha ya maharage haiendi. TTCL ni muuzaji wa jumla wa mkongo na wakati huo huo ni muuzaji wa rejareja anayeshindana na wateja wake. Hilo peke yake linatosha kudai kwamba bei ya jumla ya mkongo, hadi wilayani, ichapishwe na iwe moja kwa wote, na hao wadogo wanaotaka kufunga intaneti ya mji mmoja kama Kayanga au Omurushaka waruhusiwe kununua kwa bei hiyo.

Kitu cha pili ni minara. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya 2006, na kampuni huuchangia kutoka katika mapato yao, yaani kutoka katika vocha zetu. Mei 2023, mjini Dodoma na mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, mfuko huo ulitia saini mikataba ya minara 758 katika kata 713. Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, ilipewa 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Kazi nzuri. Ila fikiria kata ambayo haikuwa na mtandao, ikapata mnara wa kampuni moja kwa ruzuku ya umma. Serikali imeleta mawasiliano, na imeleta pia muuzaji mmoja asiye na mshindani, akiwa amesaidiwa kujenga duka lake. Mnara uliojengwa kwa fedha ya umma uwe na sharti moja lisilo na mjadala, kwamba kampuni yoyote ikitaka kupandisha mitambo yake pale iruhusiwe, kwa kodi inayojulikana. Hapo ndipo ningependa kuona ukali wa Serikali, kabla haijaanza kutuhesabia MB.

Na kabla ya hapo ijitazame yenyewe. Ushuru wa bidhaa kwenye huduma za mawasiliano ulifikishwa asilimia 17 mwaka 2014. Juu yake, hesabu ikiwa imekwisha kuujumlisha ushuru huo, huja VAT. Kwa kiwango cha asilimia 18, huduma ya kampuni yenye thamani ya Sh. 1,000/- humfikia mteja ikiwa Sh. 1,380.60. Ukiigeuza hesabu, katika kila Sh. 1,000/- ya mama wa Nkwenda, Sh. 276/- hivi huenda Hazina kabla MB ya kwanza haijafunguka. Serikali hiyo hiyo ndiyo inayomtaka mfanyabiashara awe na mashine ya EFD inayotuma taarifa kwa mtandao, na alipe ada zake kwa namba ya kumbukumbu anayoipata mtandaoni. Intaneti imefanywa kuwa ya lazima kama leseni, na inatozwa kama bia. Uganda walikwenda mbali zaidi, wakaanza Julai 2018 kutoza Sh. 200 za kwao kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Watu wakakimbilia programu za kukwepa, na Julai 2021 kodi ile ikafutwa, ikaletwa asilimia 12 kwenye data. Tusije tukasikia bei kikomo inahubiriwa na mtu yule yule aliyeshika mfuko wa ushuru.

Neno kwa wenye hisa, maana najua wapo wanaosoma hapa wakiwa na wasiwasi. Sheria ya Fedha ya 2016 ilizitaka kampuni za simu ziuze sehemu ya hisa zao kwa umma, na Vodacom Tanzania ikaorodheshwa Agosti 2017 baada ya kuuza hisa kwa Sh. 850/- kila moja na kukusanya Sh. bilioni 476. Walionunua wakidhani simu ni dhahabu wameshuhudia bei hiyo ikishuka na kukaa chini kwa miaka. Wako wanaolaumu udhibiti. Mimi naona kilichowaumiza zaidi ni amri za ghafla. Kanuni za Aprili 2021 zilianza na kusitishwa siku moja. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka ule ule, ikaendelea kukatwakatwa baadaye. Hakuna mtu anayeweza kukadiria gawio katika hali hiyo. Linganisha na ile ngazi ya Sh. 15.60 hadi Sh. 2.00, ambayo kila kampuni iliijua miaka kadhaa mbele ikapanga mambo yake. Mwenye hisa asiogope mkaguzi wa mizani. Amwogope anayebadilisha uzito wa kilo usiku.

Nimesema Serikali isipange bei ya rejareja. Nina maeneo mawili ninayoyatoa katika kauli hiyo, kwa sababu pale mteja hakuchagua kitu. Moja ni kutozwa bila kifurushi. Kifurushi kikiisha kimyakimya na simu ikaanza kula salio la kawaida, bei ya hapo iwe na kikomo, na isianze kabisa mpaka mteja mwenyewe akubali.

Jingine ni la mpakani. Ukiwa Murongo, au sehemu nyingine za Kyerwa zinazotazamana na Uganda, simu yako hukaribishwa na mnara wa ng'ambo bila wewe kuvuka daraja. Ujumbe wa kukaribishwa nchi jirani huingia ukiwa umekaa kibarazani kwako, na salio huanza kuyeyuka kwa bei ya kimataifa. Kenya, Uganda na Rwanda walianza mwaka 2014 mpango wa mtandao mmoja wa Afrika Mashariki, wakafuta malipo ya kupokea simu ukiwa nchi mwenza na kuweka kikomo kwa zile za kupigiana. Tanzania haikuwa miongoni mwa walioanza. Kwa mtu wa Dar es Salaam hilo ni jambo la safari za mikutano. Kwa mfanyabiashara wa Murongo ni la kila asubuhi, na hakuna ushindani utakaomsaidia, maana mnara unaomtoza si wa kampuni aliyonunua laini yake. Hapo panahitaji Serikali mbili kukaa na kuandika bei, kwa sauti na MB pia.

Mpaka hilo litakapofanyika, mwenye duka upande ule afungue mipangilio ya simu yake, azime data ya nje ya nchi, na achague mtandao wake kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague yenyewe. Kazi hiyo huchukua dakika mbili, na haihitaji kifurushi.